Kadi ya Mtaji Isiguse Tovuti Usiyoijua



Mwaka juzi niliagiza vifungashio kwenye tovuti moja ya nje. Mzigo ulifika vizuri tu. Wiki tatu baadaye, saa nane usiku, meseji ya benki inaingia: dola 39 zimekatwa. Kidogo tena, 39 nyingine. Sijanunua kitu! Na kadi yenyewe ndiyo ya akaunti ninayowekea mtaji. Asubuhi benki wakaifunga, nikajaza fomu, hela ikarudi, lakini baada ya wiki kadhaa. Muda wote huo sikuagiza mzigo, na wateja hawasubiri.

Tangu hapo nanunua kwa kadi ya mtandaoni. Hii haina plastiki. Ni namba 16, tarehe ya kuisha na zile tarakimu tatu za siri, CVV, unazipata kwenye simu. Tovuti inaiona kama Visa au Mastercard ya kawaida. Kwa Tanzania waweza kuitengeneza ndani ya M-Pesa, na baadhi ya benki zinayo kwenye programu zao. Kenya kuna M-Pesa GlobalPay, waliyoileta Safaricom na Visa mwaka 2022. Ile CVV yake ni ya muda mfupi, ikiisha unaomba nyingine. Mwizi akiiba ya jana haimsaidii.

Ila hapa wengi wanateleza: kadi hizi hazifanani. Kuna ambayo unaihamishia hela kwanza, na kuna inayokata moja kwa moja kwenye salio lako la simu. Mimi napenda ya kwanza. Mzigo ni dola 60, naweka za kutosha 60 pamoja na makato ya kubadilisha fedha, basi. Namba ikivuja, mwizi anakuta sufuria tupu. Kama yako inakata kwenye salio moja kwa moja, usilaze mauzo ya siku nzima humo.

Matangazo ya Facebook na Instagram yanahitaji uangalifu wake. Hawa hukata tangazo likiwa linaendelea au deni likifika kiwango fulani, kwa hiyo kadi ikikauka tangazo linasimama, pengine Ijumaa jioni pale wateja wameanza kuuliza bei. Kadi ya matangazo iwe peke yake, na uiangalie salio kila asubuhi.

Zile huduma za "jaribu bure siku 7" nazo ndiyo mahali pake hasa. Lakini kadi kukosa hela siyo kujitoa, boss. Ingia ujitoe mwenyewe, usije ukadaiwa.

Jambo lingine nililijua kwa kuumia: usifute kadi mapema. Muuzaji akikosa bidhaa, hela hurudishwa kwenye namba ileile uliyolipia. Ukishaifuta, utazunguka huduma kwa wateja mpaka uchoke. Mimi nasubiri mzigo nimeushika mkononi, nimeukagua, ndipo nafuta.

Na tusidanganyane, kadi hii haimzuii muuzaji feki. Ukilipia simu ukaletewa kava, namba ilikuwa salama, hela imeenda. Maoni ya wanunuzi soma kwanza. Halafu yule "wakala" wa WhatsApp anayeomba picha ya kadi au namba ya OTP akukamilishie oda, mblock hapohapo.