Ndimu, Chumvi na Pilipili: Wenzi wa Tequila Tunaowajua

Mtazamaji wa sinema za Kimarekani hakosi kuijua picha hii: mtu hulamba chumvi mgongoni mwa kiganja, hubugia bilauri ndogo kwa mkupuo mmoja, kisha huuma kipande cha ndimu huku uso umemkunjamana. Kilichomo bilaurini ni tequila, pombe kali ya Meksiko, na kwa wengi wa wasomaji wetu habari yake ingeishia hapo, maana hukumu yake yajulikana. Lakini ile ndimu na ile chumvi, pamoja na pilipili inayofuatana nazo, si haramu wala si ngeni kwetu.

Tequila hutokana na mmea uitwao agave wa buluu, unaolimwa zaidi katika jimbo la Jalisco, ambako upo mji wenye jina hilo hilo la Tequila, si mbali na Guadalajara. Aliyewahi kuona mashamba ya Vipingo, mkonge umepangwa safu kwa safu, ameshamwona binamu yake. Mkonge nao ni agave, na asili yake ni Meksiko. Uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Tofauti ni kwamba sisi twataka nyuzi za majani, wao wautaka moyo. Mmea huachwa miaka 6 au zaidi, majani yakakatwa, na kiini kinachobaki, chenye umbo la nanasi kubwa na uzito wa makumi ya kilo, huokwa mpaka kikawa kitamu. Hapo bado hakuna pombe. Watu wa huko hutafuna vipande vyake kama sisi tutafunavyo miwa, wakatema makapi. Ulevi huja baadaye, maji yake yakisha kuchachushwa na kuchemshwa, na mvuke ukakingwa.

Wajuzi wa Meksiko huichagulia tequila wenzi kwa umri wake. Ile nyeupe isiyolazwa ina harufu ya majani mabichi na ukali kama wa pilipili manga, nayo hufuatanishwa na ndimu, balungi na vyakula vya baharini. Iliyolazwa katika mapipa ya mwaloni kuanzia miezi 2 huelekea machungwa na nyama ya kuchoma. Iliyopita mwaka huenda na chokoleti. Tena Jalisco kuna kitu kiitwacho sangrita, yaani “damu kidogo” kwa wekundu wake. Hiyo ni bilauri ya pili, haina pombe, ina maji ya danzi au komamanga, ndimu na pilipili, nayo hunywewa kwa zamu na ile ya kwanza.

Siri ya ushirika huo ni nyepesi. Chumvi hupunguza uchungu ulimini. Ukali wa ndimu huamsha mate na kukata mafuta. Pilipili huwasha, na mtu akataka tena. Kazi hiyo haikuhitaji pombe hata kidogo, na muuza maembe mabichi na mihogo pale Mama Ngina aijua bila kufundishwa na mtu. Katika masoko ya Meksiko embe hukatwa vipande likanyunyiziwa chumvi, ndimu na pilipili ya unga. Hindi nalo hupakwa vivyo hivyo. Mtu wa Mombasa akishushwa hapo usiku asingejua yuko ng’ambo mpaka asikie Kihispania kikisemwa.

Hata kachumbari wanayo. Wao huiita pico de gallo, “mdomo wa jogoo”: nyanya, kitunguu, pilipili mbichi, kotimiri, ndimu na chumvi. Hebu tulipekue bakuli hilo. Nyanya na pilipili ni za kwao, wala hazikujulikana upande wetu wa dunia kabla Wareno na Wahispania hawajaanza kuvuka bahari. Mahindi ni hivyo hivyo, ingawa jina tulilowapa lawasingizia Wahindi. Kitunguu, kotimiri na ndimu, kwa upande wao, zilitoka huku zikaenda huko. Waarabu ndio walioichukua mimea ya jamii ya ndimu mpaka Andalusi, na Mhispania hata leo husema limón kutokana na laymun ya Kiarabu. Christopher Columbus alibeba mbegu za jamii hiyo katika safari yake ya pili, mwaka 1493. Ajabu ni kwamba sasa ndimu yetu ndogo ya ngozi nyembamba yaitwa na Wamarekani ndimu ya Meksiko!

Ukwaju nao una safari yake. Asili yake ni Afrika. Waarabu wakauita tamr hindi, tende ya Hindi, na Wahispania wakaugeuza kuwa tamarindo. Merikebu zilizokwenda baina ya Manila na Acapulco tangu 1565 hadi 1815 ziliizoesha Meksiko ladha nyingi za Mashariki, na embe lao mashuhuri hadi leo huitwa Manila. Siku hizi sharubati ya ukwaju na ya karkade, ambayo wao huiita Jamaica, huuzwa kila soko katika mitungi mikubwa ya kioo, na watoto huinywa wakitoka shule. Wenye mabaa ndio waliozichukua sharubati hizo wakazitia tequila.

Penye kuhitaji hadhari ni jikoni. Katika hoteli nyingi za nje, kamba, kuku na michuzi hutiwa tequila, na ukiuliza utaambiwa kuwa pombe yote huisha motoni. Si kweli. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walipima, wakaona kwamba chakula kilichochemka nusu saa bado kina asilimia 35 ya pombe iliyotiwa, na cha saa 2 na nusu kina asilimia 5. Kile kinachowashwa moto mbele ya wageni, kwa mbwembwe, hubaki na asilimia 75! Basi msafiri, na kijana wetu afanyaye kazi merikebuni, ana haki ya kuuliza, na afadhali amuulize mpishi mwenyewe kuliko mhudumu.

Nyumbani hakuna shida hiyo, kwani danzi laiweza kazi ile. Chukua kamba nusu kilo waliokwisha menywa. Kaanga kitunguu thomu katika mafuta mpaka kinukie, tia pilipili mbichi moja na kamba, geuza dakika 2 au 3 wawe wekundu. Mimina maji ya danzi moja, acha yakauke kidogo, epua. Ndimu na kotimiri zitiwe baada ya kuepua, kwa sababu ndimu ikikaa motoni hupoteza harufu yake. Kando weka sharubati ya ukwaju yenye barafu, na mdomo wa bilauri uupake ndimu kisha uuchovye katika chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga. Sukari isizidi, maana ukwaju uliojaa sukari haujibizani tena na chumvi.