Mkono Ubavuni Saa Saba Mchana

Mteja alinijia na picha kwenye simu: yoti ya Ulaya, buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, inang'aa hata unaweza kujinyolea ndevu. "Fundi, nataka hii hii." Boti yake ni ya faiba, mita nane, inalala majini Msasani mwaka mzima. Sikubishana naye. Nilimpeleka penye boti mbili zilizopandishwa pwani, moja nyeupe, nyingine buluu kama ile anayoitaka, nikamwomba aweke kiganja ubavuni. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa Februari. Kwenye nyeupe mkono ulitulia. Kwenye buluu aliurudisha mbio kama aliyeshika sufuria ya jikoni bila kitambaa.

"Na wewe umegusa mara moja tu, bosi," nikamwambia. "Faiba inashinda hapo kutwa."

Rangi iliyokolea hunywa mwanga wa jua na kuugeuza joto. Kwa jua letu, ubavu wa rangi ya giza huvuka nyuzi 60 za Selsiasi bila taabu. Boti nyingi za faiba zimeundwa kwa utomvu wa poliesta uliogandia kivulini bila kupitia tanuri, na utomvu wa namna hiyo huanza kulegea karibu na joto hilohilo. Ukilegea, nyuzi za kioo zilizofichwa chini hujichora juu, na mng'ao uliolipiwa pesa nyingi ukafanana na shuka lililonyooshwa kwa haraka. Viputo vya hewa alivyoviacha fundi wa kwanza navyo huvimba. Nyeupe haina miujiza: ndani yake mna unga wa titani, ambao hurudisha sehemu kubwa ya mwanga ulikotoka. Krimu, kijivu cha mawingu na samawati hafifu huvumilika pia. Nyekundu nyingi zina ugonjwa wake: hupauka mapema zikawa waridi, na ukipitisha kidole unaondoka na unga.

Chombo cha mbao kina kesi nyingine. Joto hukausha mbao, mbao zikanywea, viungo vikafunguka na kalfati ikalegea. Upande uliozoea kuchomwa na jua ndio unaovuja kwanza. Wazee wa vyombo walilijua hilo. Juu ya mstari wa maji walipaka sifa, yaani mafuta ya papa. Sifa haijengi ngozi juu ya ubao kama rangi ya mafuta. Huzama ndani, ubao ukavimba na kunywea utakavyo bila chochote kubanduka. Harufu yake, tusidanganyane, inaweza kuvunja ndoa. Chini ya maji walipaka deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa. Vitu hivyo viwili vikikutana huwa sabuni nyeupe, nzito, isiyoyeyuka majini, ya kuwazuia wadudu watoboao mbao. Kwa hiyo jahazi la kale lilikuwa hudhurungi juu na jeupe chini, na hakuna hata rangi moja kati ya hizo iliyochaguliwa kwa urembo. Urembo ulikaa omoni, kwenye nakshi na macho.

Siku hizi tumboni mwa boti kazi ya deheni inafanywa na shaba. Waingereza waliivika manowari HMS Alarm mabati ya shaba mwaka 1761. Sisi tunaipaka kwa rola, imesagwa ndani ya rangi. Oksidi ya shaba ni nyekundu, na ndiyo sababu meli nyingi zina matumbo mekundu. Rangi zenye sumu ya bati zilizowahi kuipiku zilipigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kazi mwaka 2008, baada ya kuharibu chaza na konokono wa bahari. Ukikuta kopo la zamani stoo, usilifungue. Boti ya alumini isipakwe oksidi ya shaba: metali hizo zikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Na ngalawa inayopandishwa pwani kila siku haihitaji gharama hii hata kidogo.

Kuhusu kung'aa, nina msimamo ambao wateja hawaupendi. Rangi inayong'aa hudumu na huoshwa kirahisi, lakini hutangaza kila bonde na kila kiraka. Isiyong'aa huficha aibu, ila hushika uchafu na hutoa unga mapema. Boti iliyokwisha pigwa viraka mimi huipa mng'ao wa kati, basi.

Kuna jambo ambalo picha za simu hazionyeshi: boti ya buluu ikizima injini katikati ya bahari ya buluu, anayeitafuta ana kazi ngumu. Flipflopi, jahazi la plastiki iliyorejelezwa lililoshushwa Lamu mwaka 2018, limefunikwa kandambili kama 30,000 za kila rangi. Hilo huwezi kulikosa. Wengine tuwe angalau na machungwa kidogo juu ya kibanda.

Mteja wangu aliishia krimu, na mkanda wa buluu yake upana wa kiganja chini ya ukingo. Tumboni nilipaka tabaka la kwanza jekundu, mawili ya juu meusi. Siku atakayoona nyekundu inachungulia omoni, ajue nyeusi imekwisha, anipigie simu.