Wiki kwa lugha rahisi: jinsi ya kusoma, kuhariri na kukwepa matapeli

Mji upi una watu wengi zaidi, Thika au Ruiru? Ukiuliza pale stage ya Thika utajibiwa Thika, na mtu atakushangaa kwa nini hata unauliza. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 katika mji wa Thika. Karibu mara mbili! Sasa ukitafuta jibu hilo kwa simu, kuna uwezekano mkubwa utaangukia ukurasa wa wiki, na tarakimu utakazosoma hapo zitategemea nani aliuhariri mara ya mwisho na alitumia sensa ya mwaka gani. Idadi ya watu ikikosewa, hasara ni kushindwa ubishi tu. Namba ya kulipia ikikosewa, pesa imeenda. Ndiyo maana leo tunaongea kuhusu wiki.

Kwanza jina. Wiki hii si juma la siku saba. Ni neno la Kihawaii lenye maana ya haraka. Mmarekani Ward Cunningham alipoanzisha tovuti ya kwanza ya aina hii mwaka 1995, alikumbuka basi la uwanja wa ndege wa Honolulu lililoitwa Wiki Wiki. Kwa watu wa Thika Road hili ni rahisi kuelewa: tovuti imepewa jina la matatu.

Wazo lenyewe ni jepesi. Ukurasa wa kawaida wa mtandao huandikwa na mwenyewe, wewe unasoma tu. Ukurasa wa wiki una kitufe cha kuhariri, na anayeusoma anaweza kuubadilisha papo hapo. Wiki maarufu kuliko zote ni Wikipedia, iliyoanza Januari 2001. Ile ya Kiswahili ilianza 2003, na mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuwahimiza wanafunzi wa vyuo vikuu Kenya na Tanzania waandike makala humo. Hata hivyo makala nyingi bado ni fupi mno. Wenyewe huziita mbegu, yaani zinasubiri mtu azikuze.

Mtu huyo anaweza kuwa wewe, na simu yako inatosha. Fungua sw.wikipedia.org, tafuta makala unayotaka, kisha bonyeza alama ya kalamu. Fungua akaunti kabla ya kuanza. Utahitaji jina la mtumiaji na nywila tu, na barua pepe ukipenda. Hutaulizwa namba ya kitambulisho, hutaulizwa PIN, na hutalipa hata shilingi moja mbali na bando lako. Ukurasa wowote unaojiita Wikipedia na kukudai PIN, ufunge mara moja.

Anza na kitu kidogo. Sahihisha herufi iliyokosewa, au ongeza sentensi moja unayoweza kuithibitisha, kwa mfano kwamba barabara kuu ya Thika ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012. Hapo neno kuthibitisha ndilo zito. Wikipedia haitaki unachojua wewe binafsi, hata kama umezaliwa Makongeni na unajua kila kichochoro. Inataka kilichochapishwa mahali pengine panapoaminika, kama gazeti, kitabu au ripoti ya serikali, nawe utaje chanzo hicho. Ukiongeza idadi ya watu, taja sensa ya mwaka gani. Pia taja mipaka, kwa sababu mji na kaunti ndogo vyaweza kuwa na jina moja huku hesabu zikiwa tofauti kabisa. Kisha andika muhtasari mfupi wa ulichobadilisha na uhifadhi. Kama unaogopa kuharibu, usiogope sana, tutaeleza kwa nini.

Kila ukurasa wa wiki una historia. Ichukue kama statement yako ya miamala. Kila badiliko lina tarehe, saa, akaunti iliyolifanya na kilichobadilika. Badiliko baya likitokea, mhariri mwingine analitengua na ukurasa unarudi ulivyokuwa. Na kama ilivyo pesa iliyotumwa kimakosa kisha ikarudishwa, kutengua hakufuti ule mstari wa kwanza. Kunaongeza mstari mpya juu yake, na yote mawili yanabaki kuonekana. Kwenye simu, tafuta maneno yanayosema ukurasa ulihaririwa lini mara ya mwisho, ubonyeze hapo. Ni watu wachache mno wanaobonyeza, ilhali ndipo penye habari. Ukikuta taarifa ilibadilishwa jana usiku na akaunti isiyo na rekodi yoyote, subiri kwanza.

Na hapa ndipo pesa yako inapoingia. Wikipedia haikusudiwi kuwa kitabu cha namba za simu, kwa hiyo ukikuta namba ya till au ya paybill ndani ya makala, jua haifai kuwa pale. Kuna wiki nyingine ndogondogo, za mitaa, za mashabiki, za vyama, ambazo hazina walinzi wa kutosha. Hata ramani za Google, ambazo si wiki, huruhusu mtu yeyote kupendekeza namba mpya ya simu ya duka. Tapeli hahitaji kuvunja mfumo wowote kama anaweza kubadilisha tarakimu moja kwenye ukurasa ulio wazi. Kwa hiyo namba ya kulipia ichukue kwa mwenye biashara mwenyewe, kwenye bango lake au risiti yake. Simu ikikuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka PIN, lisome hadi mwisho. Jina lisipolingana na unayemlipa, katiza muamala.

Wafanyabiashara nao wana mtego wao. Mtu anakupigia, anasema ni mkubwa wa Wikipedia, na kwamba ukimtumia pesa kidogo ukurasa wa hoteli au shule yako utakuwa hewani kesho. Mchezo huu si mpya. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifunga akaunti 381 zilizohusishwa na kundi lililokuwa likifanya hivyo. Walitafuta makala za biashara zilizokataliwa, wakawafuata wahusika wakijifanya wasimamizi, wakadai pesa ili zichapishwe, kisha wakadai nyingine ili zisifutwe. Wasimamizi wa kweli, ambao kwa Kiswahili huitwa wakabidhi, ni watu wa kujitolea na hawauzi nafasi. Biashara ambayo haijaandikwa popote na watu wasio na uhusiano nayo haitapata ukurasa, ulipe usilipe. Na kuandika mwenyewe habari za duka lako hakupendekezwi, hata ukijisifu kwa adabu.

Je, chama chenu kinahitaji wiki yake? Maoni yetu: chama cha watu kumi, hapana. Daftari na kikundi cha WhatsApp vinatosha. Lakini sacco au umoja wa wenye nyumba pale Ruiru, wenye wanachama mia mbili na kanuni zinazobadilika kila mkutano, unaweza kunufaika sana. Kwenye WhatsApp kanuni ya mwaka juzi imefukiwa chini ya salamu za asubuhi. Kwenye wiki ipo mahali pamoja, na inaonekana nani aliibadilisha. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, ni ya bure, ingawa mtalipia mahali pa kuihifadhi na mtahitaji kijana anayeielewa.

Mkiianzisha, muwe na wakabidhi wawili au zaidi, kwa sababu mmoja akihama au simu yake ikiibiwa kwenye matatu hamtafungiwa nje. Kila mtu awe na akaunti yake. Nywila ya pamoja inaua faida yote ya historia, maana hamtajua nani alifanya nini. Ukurasa wa namba ya kulipia michango mufunge ili wakabidhi peke yao wauhariri, na muweke nakala ya wiki nzima kila mwezi. Namba za vitambulisho, orodha ya nani anadaiwa nini na picha za miamala ya watu zisiwekwe kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazigusa taarifa kama hizo, na historia ile ile inayokuokoa itazihifadhi hata baada ya kuzitoa kwenye ukurasa, mpaka mkabidhi aingie azifiche.