Kobe Bapa na Ufa Wake

Msafiri atokaye Tunduma huvuka mpaka kwa miguu na kujikuta Nakonde, nchini Zambia, kwa muda mfupi mno. Katika wilaya hiyo ya Nakonde, kwa mujibu wa taarifa ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka 2006, wanaishi kobe bapa, ambao kabla ya hapo walidhaniwa kuwa ni wa Tanzania na Kenya tu. Mpaka uliochorwa na binadamu kobe huyu haujui. Mpaka wake ni pale jabali linapoishia.

Kobe bapa alielezwa kisayansi mwaka 1903 na Siebenrock, kutokana na vielelezo vya Tanzania. Gamba lake lina urefu wa sentimeta 17 hivi, lakini kimo chake ni sentimeta chache tu, tena ni jepesi na hubonyea. Akishtushwa hajifichi ndani ya gamba kama kobe wengine, bali hukimbia, na kwa kobe hukimbia kweli, mpaka kwenye ufa wa mwamba. Zamani iliaminika kwamba humo hujivimbisha ili asivutwe nje. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionyesha vingine: hujikaza kwa miguu na kucha.

Wataalamu huita eneo analozungukia mnyama katika maisha yake ya kila siku eneo la matembezi. Ili kulipima, hubandika juu ya gamba chombo kidogo cha kurusha mawimbi ya redio, humtafuta mnyama mara kwa mara, kisha huunganisha kwenye ramani vituo vya pembezoni. Kwa kobe bapa kazi hii ina udhia wake, kwani chombo kikiwa kinene kidogo tu, mwenyewe hawezi kuingia nyumbani.

Tumlinganishe na kobe wa majangwa ya Marekani. Huyo naye hukaa shimoni sehemu kubwa ya maisha yake, hata asilimia 95, lakini shimo hulichimba mwenyewe, na aghalabu huwa na kadhaa katika eneo la hekta nyingi. Kobe bapa hachimbi makao. Hutegemea ufa uliokwisha kuwako, mwembamba, wenye kina, unaozidi kubana kuelekea ndani. Hutoka kula majani na kuota jua, kisha hurejea. Nyufa za namna hiyo ni chache hata penye majabali mengi, ndiyo maana pengine kobe wawili au zaidi hukutwa katika ufa mmoja.

Hapo ndipo ilipo hatari. Jike kwa kawaida hutaga yai moja kwa mara moja, hivyo kobe waliochukuliwa hawafidiwi upesi. Wawindaji waliowakusanya kwa ajili ya soko la nje walitumia mitaimbo, hata jeki za magari, kupanua nyufa. Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa CITES ukapiga marufuku biashara ya kobe bapa waliotwaliwa porini.

Sheria hizo humlinda kobe mkononi mwa mfanyabiashara. Jabali likipasuliwa kuwa kokoto za ujenzi, hakuna kobe aliyeuzwa, lakini ufa umekwisha. Kwa hiyo mtafiti aingiapo katika majabali ya nchi hii kavu hubeba tochi, na kabla ya kuhesabu kobe huhesabu nyufa.