Moto Usio na Moshi

Mji wa Likasi umejengwa katika nchi ya vilima, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo una majira ya baridi kali. Katika miezi ya Juni na Julai mvua hainyeshi, mbingu haina mawingu, na usiku joto huweza kushuka chini ya digrii 10. Watoto hujikunja ndani ya mablanketi, na wazee hutafuta moto.

Moto wa nyumba nyingi za Likasi ni wa makaa, ambayo watu wa huko huyaita makala. Wachomaji huyachoma porini, huyatia katika magunia, na mengine huletwa mjini juu ya baisikeli. Mama huyawasha uani katika mbabula, yaani jiko la bati lenye matundu. Akiisha kupika, makaa yangali mekundu, wala hayatoi moshi. Basi mtu huwaza: “Moto huu sasa ni safi. Tuuingize chumbani, watoto wapate joto.” Kisha hufunga mlango na dirisha, baridi isiingie. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Wahenga walisema: Pafukapo moshi hapakosi moto. Neno hilo ni kweli. Lakini moto waweza kuwapo pasipo moshi, na moto huo waweza kuua.

Sumu isiyoonekana

Moto huishi kwa hewa, kama vile mtu anavyoishi kwa hewa. Wahunzi wa kale wa Katanga walilijua jambo hili vizuri. Walipoyeyusha shaba katika tanuru za udongo wa kichuguu, waliweka mirija ya kuingiza hewa chini ya moto. Pasipo hewa, moto hulegea.

Sehemu ya hewa ambayo moto huitumia huitwa oksijeni. Makaa yaliyorundikana katika mbabula hayapati oksijeni ya kutosha. Huungua nusu tu, nayo hutoa gesi yenye sumu, iitwayo monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Moshi wa kuni huwasha macho na kumkohoza mtu. Hivyo humwonya atoke. Gesi hii haimwonyi mtu.

Inauaje? Damu huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Lakini gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu kupita oksijeni, zaidi ya mara 200. Mnamo mwaka 1857, Claude Bernard, mtaalamu wa Ufaransa, alieleza jinsi inavyoizuia damu kufanya kazi yake. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha huona kizunguzungu, hutaka kutapika, na miguu hulegea. Kama amelala, huenda asiamke kamwe.

Kazi ya dohani

Dohani ni bomba la kupitishia moshi na gesi za moto mpaka nje. Watu wa Likasi wakisafiri kwenda Lubumbashi huiona dohani ya kiwanda cha zamani cha shaba. Urefu wake ni karibu mita 150, nayo huonekana toka mbali. Dohani ya nyumbani ni ndogo, lakini hufanya kazi kwa njia ile ile.

Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo hupanda. Ikipanda ndani ya bomba, huacha nafasi chini, na hewa mpya huja kuijaza nafasi hiyo. Hivyo dohani huvuta. Ikiwa ndefu, tena yenye joto, huvuta kwa nguvu zaidi. Lakini kama hakuna tundu la kuingiza hewa mpya, dohani haiwezi kuvuta. Sharti pawe na njia mbili: moja ya kuingia, na moja ya kutoka.

Fundi anayejenga meko ya matofali jikoni hufuata kanuni hizi:

1. Huyazungushia meko matofali na kuyafunika juu, ili gesi zote zielekee katika bomba.

2. Huliinua bomba wima. Kila kona hupunguza nguvu ya kuvuta, na masizi hukusanyika hapo.

3. Bomba la chuma huliweka mbali na miti ya paa, karibu nusu mita. Mahali linapopenya paa, huzungushia bati, ili joto lisiwashe miti wala nyasi.

4. Hulipitisha juu ya kilele cha paa, karibu mita 1. Likiwa fupi, upepo huurudisha moshi ndani.

5. Hulivika kofia ya bati, mvua isiingie. Huacha nafasi ya kutosha chini ya kofia, moshi upite.

6. Hutoboa tundu la hewa karibu na sakafu, wala halizibi wakati wa baridi.

Kazi ikiisha, fundi huijaribu. Huwasha moto mdogo, kisha hushika kipande cha nyasi kinachofuka moshi karibu na mdomo wa meko. Moshi ukivutwa ndani, dohani ni nzuri. Ukirudi chumbani, kazi haijaisha.

Tena dohani yataka kusafishwa. Kila mwaka, kabla ya majira ya baridi, huondolewa masizi na viota vya ndege. Mwaka 1902, katika mji wa Paris, mwandishi mashuhuri Émile Zola alikufa usiku chumbani mwake, kwa sababu dohani ya nyumba yake iliziba. Dohani ilikuwapo, lakini haikumfaa kitu.

Mahali pa mbabula

Mbabula haina dohani. Kwa hiyo mahali pake ni uani, wala si chumbani, hata kama makaa yamefunikwa majivu. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi kumlinda aliyelala. Vivyo hivyo mashine ya umeme inayotumia petroli haiwekwi ndani ya nyumba, maana nayo hutoa gesi ile ile. Joto la kulalia na litafutwe kwa mablanketi, kwa nguo nzito, na kwa kuziba nyufa za ukuta katika chumba kisicho na moto.

Mtu akikutwa amelegea katika chumba chenye mbabula, mlango ufunguliwe wazi mara moja, naye atolewe nje upesi penye hewa safi. Mtoto asiingie peke yake. Apige kelele kuwaita wakubwa. Mgonjwa apelekwe hospitali, hata akisema amepona.

Amri ya tano ya Mungu inasema, Usiue. Amri hiyo inatudai pia tuulinde uhai, wetu na wa jirani zetu. Mtoto akimwambia mama kwa adabu, “Mama, tuiache mbabula nje usiku huu,” hamkosei heshima. Anawalinda ndugu zake waliolala.

Maswali

1. Kwa nini makaa mekundu ni hatari kuliko kuni zenye moshi?

2. Gesi ya makaa hufanya nini katika damu?

3. Kwa nini dohani haiwezi kuvuta kama hakuna tundu la hewa?

4. Fundi huijaribu dohani kwa njia gani?

5. Nyumbani kwenu mbabula huwekwa wapi usiku?