Je, dawa ya virusi yaweza kutoka baharini?

Msomaji, mara kwa mara mgonjwa hunijia na chupa aliyouziwa kwenye kituo cha matatu, akaniuliza kama ni kweli kwamba "dawa ya bahari" huua virusi. Swali hilo si la kuchekwa. Historia ya baadhi ya dawa za virusi tunazotumia hospitalini inaanzia kwa mnyama wa baharini. Lakini safari ya kutoka baharini hadi kwenye tembe ilikuwa ndefu, na ni vyema uielewe kabla ya kutoa pesa zako.

Mnyama huyo ni sifongo. Hana macho, miguu wala moyo. Hukaa mahali pamoja ameshikamana na mwamba, akichuja maji ili apate chakula. Mnamo mwaka wa 1945, mwanakemia Werner Bergmann wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikusanya sifongo katika maji ya kina kifupi huko Florida. Miaka michache baadaye, yeye na mwenzake walitangaza kwamba wamepata ndani yake kemikali za ajabu.

Ajabu yenyewe ilikuwa nini? Karibu kila seli ya mwili ina DNA, yaani maagizo ya urithi, ambayo hujengwa kwa vipande vidogo mfano wa matofali. Kila tofali lina sukari ya aina maalumu. Matofali ya sifongo yule yalifanana na ya kawaida, ila sukari yake ilikuwa na umbo tofauti kidogo. Mwashi akitia ukutani tofali lenye kasoro, kazi hukwama. Wanasayansi wakajiuliza: je, tukivipa virusi matofali bandia, havitashindwa kuzaana?

Kwa kuiga umbo hilo, wanakemia walitengeneza maabarani dawa mbili. Saitarabini iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1969, na mpaka leo hutibu saratani ya damu. Ya pili, vidarabini, ilitengenezwa mwaka wa 1960 kwa nia ya kupambana na saratani, lakini ikaonekana kwamba huzuia virusi vya hepesi. Virusi hivyo vikiingia katika ubongo huua wagonjwa wengi. Mwaka wa 1977 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya majaribio yao: miongoni mwa wagonjwa wa aina hiyo wasiopewa dawa, asilimia 70 walifariki katika muda wa mwezi mmoja. Kwa waliopewa vidarabini, vifo vilikuwa asilimia 28.

Hata hivyo, vidarabini haikuyeyuka vizuri, na mgonjwa alilazimika kutundikiwa maji mengi. Habari za dawa hiyo zilimfanya Gertrude Elion, mwanasayansi wa Marekani, arudie utafiti wake wa zamani. Kikundi chake ndicho kilichotoa asikloviri, ambayo huamshwa na kimeng'enya cha virusi vyenyewe na hivyo kuziachia nafasi seli nzima. Elion alikuwa miongoni mwa waliotuzwa Nobel mwaka wa 1988.

Dawa za Ukimwi zidovudini na lamivudini hazikukamuliwa kutoka kwa sifongo, ila mbinu yake ni ile ile ya tofali bandia. Lamivudini imo ndani ya tembe ya kila siku wanayomeza Wakenya wengi wanaoishi na virusi.

Sasa turudi kwenye ile chupa. Kutoka sifongo wa Bergmann hadi matokeo ya 1977 ni zaidi ya miaka 30. Katika muda huo kemikali ilitengwa, ikabadilishwa, ikapimwa kipimo chake na madhara yake. Bahari ilitoa wazo, na maabara ikatoa dawa. Kunywa maji ya sifongo aliyechemshwa hakukupi asikloviri, na baadhi ya viumbe vya baharini wana sumu kali.

Kwa hivyo, ikiwa unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, usiziache hata siku moja kwa ajili ya chupa ya namna hiyo. Ukiziacha, virusi huongezeka na vyaweza kuzoea dawa hadi zisikufae tena. Na ukiona malengelenge yanayochoma upande mmoja wa mwili, yaani mkanda wa jeshi, usingoje. Asikloviri hufaa zaidi ikianzwa katika saa 72 za kwanza baada ya vipele kutokea. Mweleze daktari ikiwa una ugonjwa wa figo, kunywa maji ya kutosha, na ikiwa hujui hali yako, kubali kupimwa virusi vya Ukimwi, kwani mkanda wa jeshi kwa kijana huweza kuwa dalili ya kinga iliyopungua.