Kuunganisha Haskell na Kanzidata ya Ndani

Kanzidata ya ndani hukaa kwenye kompyuta unayotumia, hivyo haihitaji intaneti. SQLite huiweka yote katika faili moja.

Mfano: mnunuzi wa zabibu Dodoma ana faili la zabibu.db, lenye jedwali la mauzo: jina, kijiji na kilo. Kwa maktaba ya sqlite-simple, fuata hatua hizi:

1. Fungua: c <- open "zabibu.db"
2. Uliza kwa query: SELECT jina, kilo FROM mauzo WHERE kijiji = ?
3. Funga: close c

Zingatia:

(a) Funksheni safi ikipewa kilo 40 na bei ileile, hutoa malipo yaleyale daima. Kusoma kanzidata si hivyo, kwani kilo za asubuhi huongezeka jioni. Ndiyo maana Haskell hulitenga tendo hilo katika aina iitwayo IO.

(b) Alama ya ? hupokea jina la kijiji. Ukilibandika mwenyewe ndani ya alama za nukuu za SQL, Ng'hambi ya Mpwapwa italeta hitilafu: ritifaa itafunga nukuu mapema, na wakulima wake hawataonekana kwenye malipo.

Swali: Kwa nini funksheni ya kukokotoa malipo haihitaji IO?